UZI: Maoni ya umma kuhusu fomu I-566, kibali cha kazi kwa wategemezi wa wanadiplomasia Marekani. Andika nini ili yasomwe?

#1 KaraniWaItifaki

Salaam wakuu.

Fomu I-566 ndiyo mlango ambao mke, mume au mtoto wa mwanadiplomasia aliyepangiwa Marekani anapitia kuomba ruhusa ya kufanya kazi. Fomu hiyo haidumu milele. Idhini yake hutolewa kwa muda usiozidi miaka 3, na kabla ya kuongezewa muda serikali ya Marekani inalazimika kuuliza umma maoni. Dirisha hilo hufunguka bila kelele na kufungwa bila kelele. Watu wetu wana mengi ya kusema kuhusu fomu hii, ila huyasema kwenye makundi ya WhatsApp, ambako hakuna ofisa mwenye wajibu wa kuyajibu. Kwenye dirisha la maoni wajibu huo upo kisheria. Ndiyo maana nafungua uzi huu: kwa wenza na watoto wa maofisa wetu Washington na New York, kwa familia za watumishi wa Benki ya Dunia na IMF, na kwa makarani wa balozi wanaobeba makaratasi yao.

Msingi wake ni Sheria ya Kupunguza Makaratasi. Ilitungwa 1980, na iliyopo sasa ni ya 1995. Ofisi ya serikali kuu ikitaka kuuliza maswali yaleyale kwa watu 10 au zaidi, lazima kwanza ipate idhini ya OMB, ofisi ya bajeti iliyo chini ya Ikulu ya Marekani. Ndani ya OMB kazi hiyo hufanywa na kitengo kinachoitwa OIRA. Namba ya idhini huchapishwa juu kulia kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu, pamoja na tarehe ya kuisha. Ya I-566 ni 1615-0027. Ya I-765, ambayo ndiyo ombi lenyewe la kadi ya kazi, ni 1615-0040. Fomu hizi mbili hutumwa pamoja, lakini matangazo yake hutoka kwa nyakati tofauti na kila moja ina jalada lake. Ukipeleka lalamiko la I-765 kwenye jalada la I-566, litawekwa kando.

Utaratibu una hatua mbili. Kwanza USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, inatoa tangazo kwenye Federal Register, yaani gazeti rasmi la serikali, na umma unapewa siku 60. Hizo zikiisha, idara inapitia maoni, inapeleka faili OMB, na tangazo la pili linatoka la siku 30. OMB ina siku 60 za kuamua tangu ipokee faili, lakini haiwezi kuamua kabla siku 30 za umma hazijaisha.

Hatua ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa. Wakati huo rasimu ya fomu bado iko mezani na kubadili sentensi hakugharimu kitu. Hatua ya pili faili limeshafungwa, na unachoweza kufanya ni kuieleza OIRA kwamba jambo fulani lilisemwa na idara haikulijibu.

Maswali yanayoulizwa kwenye tangazo ni manne, na huwa hayo hayo kila mara:

Je, taarifa hizi ni za lazima kwa kazi ya idara, na zina matumizi ya kweli? Je, makadirio ya mzigo wa muda ni sahihi, pamoja na njia iliyotumika kuyapata? Ubora, manufaa na uwazi wa maswali unaweza kuboreshwaje? Mzigo unaweza kupunguzwaje, ikiwa ni pamoja na kutumia mifumo ya kielektroniki?

Chochote utakachoandika kifunge kwenye mojawapo ya hayo manne, na utaje ni lipi. Maoni yasiyofungwa popote huishia kujibiwa kwa sentensi moja kwamba yako nje ya mada.

---

#2 Pwani_Hadi_Potomac

Shukrani mkuu. Maswali mawili. Asiye raia wa Marekani anaruhusiwa kutoa maoni? Na kulalamika kwamba kadi inachelewa miezi kunaingia kwenye swali lipi kati ya hayo manne?

---

#3 KaraniWaItifaki

La kwanza: anaruhusiwa. Hakuna sharti la uraia wala la kuwa ndani ya Marekani. Aliyepo Dodoma, Nairobi au Bujumbura anaandika kama aliyepo Maryland. Tahadhari moja tu: kama ni ofisa wa ubalozi au mtegemezi wake, aandike kwa jina lake binafsi au bila jina, asiandike kana kwamba anausemea ubalozi. Msimamo wa ubalozi una njia yake, noti ya kidiplomasia, na mwenye kuamua ni mkuu wa kituo.

La pili ndilo linalowaangusha wengi, kwa hiyo nalikalia kidogo.

Kusubiri hakuhesabiwi kuwa mzigo. Sheria inautaja mzigo kuwa ni muda, nguvu na fedha ambazo mtu anatumia kutoa taarifa: kusoma maelekezo, kutafuta kumbukumbu, kukusanya viambatisho, kujaza, kuhakiki, kutuma. Fomu ikikaa wiki kumi kwenye meza ya ofisa, kwa hesabu ya sheria hii mwombaji ametumia dakika sifuri. Ukiandika "tunasubiri miezi minne", jibu litakuwa kwamba muda wa kushughulikia maombi si sehemu ya ukusanyaji wa taarifa.

Lakini kuchelewa huzaa kazi, na kazi hiyo inahesabika. Barua ya mwajiri iliyopitwa na wakati ikabidi iandikwe upya: huo ni mzigo. Kifurushi kilichorudishwa kwa sababu toleo la fomu limebadilika kikajazwa upya: mzigo. Picha za pasipoti zilizopigwa mara ya pili: mzigo, na ni wa fedha pia. Kwa hiyo usiandike kuhusu kusubiri. Andika kuhusu kurudia, kisha taja dakika.

---

#4 Mhimili255

Naongezea safari ya karatasi yenyewe, maana huwezi kuikosoa fomu kama hujui inapita wapi.

Mtegemezi hatumi I-566 kwa USCIS. Inaanzia kwa mwenye cheo, mwanadiplomasia mwenyewe, naye anatia sahihi. Mtegemezi anatia sahihi. Ofisa wa ubalozi aliyeidhinishwa anathibitisha na kugonga mhuri. Kutoka hapo ubalozi unaipeleka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikiwa imefungwa pamoja na I-765. Kwa walio chini ya uwakilishi wa nchi kwenye Umoja wa Mataifa, njia inapita kwa Uwakilishi wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa, New York. Kwa mtumishi wa taasisi ya kimataifa, taasisi yake ndiyo inayopeleka. Wizara ikiridhika inaweka pendekezo lake kwenye I-566 na kusukuma kifurushi USCIS, ambayo ndiyo hutoa kadi. Fomu zote mbili hazina ada kwa makundi haya.

Herufi za kundi kwenye I-765 hufuata aina ya viza: (c)(1) kwa wategemezi wa A-1 na A-2 (viza za maofisa wa serikali za nje), (c)(4) kwa wa G-1, G-3 na G-4 (viza za wawakilishi na watumishi wa taasisi za kimataifa), na (c)(7) kwa wa NATO. Ukikosea hapo, fomu zako mbili zinapingana na kifurushi kinarudi.

Mengine yanayorudisha kifurushi:

Mtegemezi hajasajiliwa na ubalozi kwenye mfumo wa Wizara kama mtu wa kaya ya ofisa. Wizara haiwezi kumpendekeza mtu isiyemtambua, hata fomu iwe safi namna gani.

Toleo la fomu limepitwa. Tarehe ya toleo iko chini ya kila ukurasa, na kurasa zote lazima ziwe za toleo moja. Makarani wengi huhifadhi nakala kwenye kompyuta ya ofisi na kuitumia mwaka mzima. Hapo ndipo shida inapoanzia. Pakua upya kila mara.

Hadhi iliyoandikwa kwenye I-94, yaani rekodi ya kuingia Marekani, hailingani na iliyoandikwa kwenye fomu. Mtu aliingia kama A-2, ubalozi umeandika A-1 kwa sababu ofisa amepandishwa cheo. Sahihisheni hadhi kwanza.

Barua ya mwajiri pungufu. Kwa wanaoomba kwa njia ya mazoea, sio mkataba, barua lazima itaje jina la mtegemezi, maelezo ya nafasi, majukumu, saa za kazi, mshahara, na uthibitisho kwamba ana sifa za kazi hiyo. Waajiri wengi huandika mistari mitatu ya "tunafurahi kukukaribisha" na hawataji saa wala mshahara.

---

#5 Pwani_Hadi_Potomac

"Njia ya mazoea, sio mkataba" ndiyo nini? Na nani hasa anahesabiwa kuwa mtegemezi?

---

#6 Mhimili255

Kuna njia mbili kwa watu wa balozi. Ya kwanza ni makubaliano rasmi ya nchi mbili, yaliyotiwa sahihi, kwamba wategemezi wa maofisa wetu wafanye kazi Marekani na wa maofisa wa Kimarekani wafanye kazi kwetu. Ya pili ni mazoea: hakuna mkataba, lakini Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imejiridhisha kwamba nchi yenu inawaruhusu wategemezi wa maofisa wa Kimarekani kufanya kazi. Wizara inatunza orodha ya nchi za kila upande. Angalia orodha kabla ya kujaza chochote, usitegemee maneno ya mtu wa ubalozi mwingine.

Tofauti ni nzito. Chini ya mazoea kazi yenyewe inachunguzwa: isiwe kwenye Jedwali B la Wizara ya Kazi ya Marekani, yaani orodha ya kazi zinazohesabiwa kuwa na Wamarekani wa kutosha, wala isiwe kazi ambayo eneo hilo lina Wamarekani wa kutosha wenye sifa. Hapo kuna msamaha kwa watoto wanafunzi wa muda wote: kazi ya muda isiyozidi saa 20 kwa wiki, au kazi ya likizo isiyozidi wiki 12, haiguswi na sharti hilo.

Kwa G-4, yaani familia za watumishi wa Benki ya Dunia, IMF, Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa na taasisi kama hizo, haijalishi nchi yako ina makubaliano au haina. Mtanzania na Mkongo wako sawa hapo.

Wategemezi ni mke au mume. Mtoto asiyeoa au kuolewa wa chini ya miaka 21. Wa chini ya miaka 23 kama anasoma chuo muda wote. Wa chini ya 25 kama anasoma muda wote na nchi yake ina makubaliano rasmi ya kabla ya tarehe 21 Novemba 1988 yanayoruhusu hivyo. Na mtoto asiye na ndoa mwenye ulemavu wa mwili au akili, ambaye umri wake hauna kikomo. Wa chuo aambatishe barua ya chuo iliyothibitishwa. Mwenye ulemavu, cheti cha daktari.

---

#7 Mto_Lualaba

Hapo kwenye swali la tatu, uwazi wa fomu, kuna jambo ambalo sisi Wakongo tunalijua vizuri na halijaandikwa ipasavyo: majina.

Fomu ina visanduku vitatu: jina la ukoo, jina la kupewa, jina la kati. Pasipoti ya Kongo nayo ina jina, jina la pili la Kiafrika na jina la ubatizo, na la pili si la ukoo wala si la kati kwa maana ya Kimarekani. Karani mmoja atalibandika kwenye kisanduku cha ukoo, mwingine kwenye cha kati. Viza inaliunganisha, I-94 inalikata. Matokeo: I-566, I-765 na I-94 zina mipangilio mitatu tofauti ya jina la mtu mmoja.

Tanzania na Kenya nako jina la tatu mara nyingi ni la babu, na ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuonekana kama hawana ukoo mmoja na baba yao kwenye macho ya ofisa asiyejua. Mke wa Kiislamu aliyebaki na jina la baba yake huulizwa cheti cha ndoa ambacho maelekezo hayakukitaja. Na mwenye jina moja tu kwenye pasipoti hukuta Wamarekani wamemwandikia "FNU" (jina la kwanza halijulikani) mahali pa jina la kwanza. Akijaza fomu bila hiyo FNU, rekodi hazikutani.

Hili ni la kuandikia maoni kabisa, kwa sababu dawa yake ni sentensi moja kwenye maelekezo: jaza jina kama lilivyo kwenye I-94 yako, na majina mengine yote yaweke kwenye sehemu ya majina mengine yaliyotumika. Idara inaweza kuiongeza bila kubadili kanuni yoyote.

---

#8 KaraniWaItifaki

Mto_Lualaba, hicho ni kielelezo cha maoni bora: tatizo liko kwenye kisanduku fulani, chanzo kinaelezeka, na pendekezo linatekelezeka kwa sentensi moja.

Sasa faili la ndani. Kila tangazo lina waraka wa ufafanuzi ambao idara inaupelekea OMB, na una vipengele vyenye namba. Usiandike kabla hujausoma. Kwetu vinavyofaa ni hivi. Kipengele cha 4 kinauliza kama taarifa hizo tayari ziko serikalini mahali pengine. Kipengele cha 8 ndipo idara inapoorodhesha maoni iliyopokea na ilivyoyajibu. Cha 12 ni hesabu ya saa. Cha 13 ni gharama za mfukoni za mwombaji, mbali na muda wake.

Nguvu yetu iko kwenye cha 4 na cha 12.

Cha 4: cheo cha ofisa, tarehe aliyofika, anwani, watu wa kaya yake, vyote ubalozi umeshaviandikisha Wizara ya Mambo ya Nje, na Wizara imempa kila mmoja namba ya utambulisho. I-566 inayauliza tena, kisha I-765 inauliza jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na taarifa za kuingia nchini kwa mara nyingine. Swali halali la kuiuliza serikali: kwa nini namba ya utambulisho isitoshe kuvuta hayo?

Cha 12: hesabu ni rahisi, idadi ya wajazaji mara saa za kila mmoja. Tuseme kwa mfano idara imeandika wajazaji 1,000 na saa 1.5, jumla saa 1,500. Ukionyesha kwa mgawanyo wa kueleweka kwamba kazi halisi ni saa 3, umeiambia OMB kwamba mzigo umepunguzwa nusu kwenye vitabu. Ofisi hiyo inajali namba kuliko malalamiko, na haiwezi kupuuza hesabu iliyogawanywa vizuri.

Jambo la kuangalia: kwenye sehemu ya nani anaathirika, tangazo hutaja watu binafsi na kaya. Muda wa karani wa ubalozi na wa mwajiri anayeandika barua ni rahisi kupotea hapo. Utenganishe: dakika za mtegemezi, dakika za ofisa, dakika za karani, dakika za mwajiri.

---

#9 Nyota_ya_Ziwa

Mkuu weka mfano wa maoni yenyewe ili watu waone umbo lake.

---

#10 KaraniWaItifaki

Huu hapa kwa Kiswahili. Unapotuma andika kwa Kiingereza. Dakika nilizoweka ni za mfano. Kila mtu aweke alizopima mwenyewe kwa saa, maana namba zikifanana kwenye maoni ishirini zitaonekana zimenakiliwa.

*"Maoni haya yanahusu fomu I-566, namba ya idhini 1615-0027. Yanajibu swali la pili na la nne la tangazo.*

*Swali la pili. Makadirio ya muda hayaonyeshi kazi ifuatayo kwa mtegemezi anayeomba chini ya utaratibu wa mazoea: kusoma maelekezo ya fomu zote mbili, dakika 40, kuchapisha I-94 na kunakili pasipoti na viza, dakika 20, kumwandikia mwajiri na kumrudishia barua iliyokosa saa au mshahara, dakika 45, kujaza na kuhakiki, dakika 50, kupata sahihi ya ofisa na ya ubalozi, dakika 30. Jumla ni dakika 185. Naomba idara ieleze namna ilivyopata makadirio yake, na kama iliwahi kuwauliza wajazaji halisi.*

*Swali la nne. Taarifa za ofisa na kaya yake zinarudiwa, kwa kuwa Wizara ya Mambo ya Nje inazo tayari. Napendekeza kwamba mwenye namba ya utambulisho ya Wizara ajaze namba hiyo, jina na tarehe ya kuzaliwa pekee, na sehemu nyingine aziruke isipokuwa kuna mabadiliko.*

*Napendekeza pia maelekezo yawe na orodha ya mambo ambayo barua ya mwajiri lazima iyataje, kwenye ukurasa mmoja unaoweza kukabidhiwa mwajiri."*

Hayo yanatosha. Maoni ya kurasa kumi hayana uzito kuliko ya nusu ukurasa. Maoni mia moja yaliyonakiliwa hujibiwa kama moja. Bora watu watano, kila mmoja na kisanduku chake.

---

#11 Nyota_ya_Ziwa

Kuna wanaotaka kuandika kwamba wategemezi wote waruhusiwe kufanya kazi moja kwa moja bila kujali makubaliano. Waandike?

---

#12 Mhimili255

Hapo si mahali pake. Sharti la makubaliano au mazoea liko kwenye kanuni, na nyuma yake kuna kanuni ya mataifa kutendeana sawa. Mkataba wa Vienna wa 1961 wenyewe, kifungu cha 47, unaruhusu nchi kutendeana kwa kadiri ya inavyotendewa. Fomu haiwezi kubadili hilo, na kulitaja kunawapa sababu ya kuweka barua nzima kando, pamoja na hoja nzuri zilizomo.

Anayetaka nchi yake ihame kutoka mazoea kwenda mkataba aipelekee hoja hiyo wizara yake ya mambo ya nje, Dodoma au Nairobi au Kampala. Mkataba unajadiliwa huko, na unataka nchi yetu nayo ifungue mlango kwa wategemezi wa ubalozi wa Marekani. Kama kwetu vibali vyao vinakwama, tusishangae vya kwetu vikikwama.

---

#13 Pwani_Hadi_Potomac

Na baada ya kadi kutoka, kuna kitu kwenye makaratasi kinachofaa kuandikiwa maoni?

---

#14 Mhimili255

Kipo kimoja kikubwa: kuongeza muda.

Ruhusa hutolewa kwa vipindi visivyozidi miaka 3. Kuna makundi ya waombaji ambayo sheria za USCIS zimewahi kuyaongezea muda kiotomatiki pale walipowahi kuomba kadi mpya. (c)(1), (c)(4) na (c)(7) hazikuwamo kwenye orodha hiyo. Kadi ikiisha leo, kesho mtu hakanyagi kazini, hata kama ombi jipya liko mezani. Akiendelea anahesabiwa amevunja masharti ya hadhi yake, na kosa hilo linamgusa yeye na linaaibisha ubalozi. Uamuzi wa kunyimwa nao hauna rufaa.

Kanuni yenyewe haibadiliki kupitia I-566. Lakini kwenye swali la nne unaweza kupendekeza fomu fupi ya kuongeza muda: kazi ileile, mwajiri yuleyule, ofisa yuleyule, tiki moja na sahihi. Sasa hivi anayeongeza muda anarudia kila kitu kama mgeni, na saa hizo zote zinahesabika kama mzigo.

Mengine ya kujua ili mtu asidanganywe. I-765 imewahi kuwa na sehemu ya kuomba namba ya Hifadhi ya Jamii humohumo; kama bado ipo kwenye toleo unalojaza, tiki pale badala ya kwenda kupanga foleni baadaye. Mshahara unatozwa kodi kama wa mtu mwingine yeyote, ya serikali kuu, ya jimbo na michango ya Hifadhi ya Jamii. Kinga ya kidiplomasia haimwondolei kodi ya kazi hii. Chini ya mikataba ya nchi mbili, kinga ya mashauri ya madai na ya kiutawala huondolewa kwa mambo yanayotokana na ajira. Mwajiri akikushtaki kwa mkataba wa kazi, utasimama mahakamani.

---

#15 Nyota_ya_Ziwa

Sehemu ya kubofya sasa. Wapi hasa?

---

#16 KaraniWaItifaki

Tovuti ni regulations.gov. Kwenye kisanduku cha kutafutia weka namba ya idhini 1615-0027 au "I-566". Fungua jalada, usiingie kwenye tangazo la zamani. Angalia tarehe ya kufunga iliyo kando ya kitufe cha kutoa maoni. Ndani ya jalada pakua rasimu ya fomu, rasimu ya maelekezo, na jedwali la mabadiliko linaloonyesha sentensi ya zamani upande huu na mpya upande ule. Jedwali hilo ndilo la kusoma kwanza. Ukitaja kipengele, kitaje kwa namba ya rasimu mpya, sio ya fomu iliyo mikononi mwako.

Kisanduku cha maandishi kinachukua herufi 5,000. Zaidi ya hapo, ambatisha faili. Zinaruhusiwa hadi 20, kila moja isizidi megabaiti 10. Unaweza kuandika kama mtu binafsi, kama taasisi, au bila jina. Ukimaliza utapewa namba ya ufuatiliaji: ihifadhi, kwa sababu maoni hayaonekani tovutini papo hapo.

Na hili nasisitiza: kila unachoandika kitasomwa na dunia nzima. Usiweke namba ya pasipoti, namba ya utambulisho, jina la ofisa wala la mwajiri. Usipakie fomu iliyojazwa kama kielelezo. Chora duara kwenye fomu tupu.

Kwa hatua ya siku 30 fuata anwani iliyoandikwa kwenye tangazo lenyewe. Matangazo mengine yanaelekeza reginfo.gov, ya USCIS mara nyingi yanabaki regulations.gov. Tuma mapema, maoni ya siku ya mwisho yanamkuta mchambuzi wa OIRA ameshaandika nusu ya uamuzi wake.

---

#17 Mto_Lualaba

Tangazo likisema mwisho ni tarehe fulani, kwa aliyeko Dar au Nairobi mwisho ni saa ngapi?

---

#18 KaraniWaItifaki

Tovuti hufunga saa tano na dakika 59 usiku kwa saa za Washington. Wakati wa majira yao ya joto, Dar na Nairobi ziko mbele kwa saa 7, kwa hiyo ni saa kumi na mbili na dakika 59 asubuhi ya siku inayofuata. Wakati wa baridi tofauti ni saa 8, ni saa moja na dakika 59 asubuhi. Lubumbashi, Bujumbura na Kigali ziko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo punguza saa moja kwenye hizo zote.